Mwanga Unaonenepa Baada ya Chakula

Bosi alipomleta shemeji yake karakanani alimtambulisha kwa maneno matatu, "Huyu shemeji yangu," kisha akatoka kupokea simu. Jina likawa ndilo hilo. Wasuguaji wakamwita Shemeji, wafungashaji wakamwita Shemeji, hata mlinzi wa getini, mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, naye akamwita Shemeji. Kabla ya saa nne ya asubuhi hiyo dada yake wa watu, mke wa Bosi, alikuwa, kwa hesabu za undugu, ameolewa na karakana nzima.

Mtu mmoja tu aliukataa undugu huo. Alikuwa mwanamke wa kukagua, aliyejulikana kwa jina la Hadubini, na yeye alimwita mgeni "yule".

Karakana ilitengeneza nyaya za faiba, zile zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga badala ya umeme. Ndani ya kila waya mna uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, na kila ncha ya waya huvalishwa kichwa ili uweze kuchomekwa kwenye mtambo. Uso wa kichwa hicho husuguliwa ung'ae, na ukiwa na mkwaruzo au chembe ya vumbi, mwanga unakwama pale kama gari mbele ya jiwe. Na vumbi lenyewe jicho tupu halilioni. Ndiyo maana palikuwa na hadubini mezani, na ndiyo maana palikuwa na mwanamke aliyeiinamia miaka kumi na sita mpaka shingo yake ikapata kona. Waya haukutoka mlangoni bila kibandiko chake cha kijani. Watu walipompa jina la chombo hicho hakuchukia. Yeye aliona chombo ndicho kilichopewa jina lake.

Sasa yule alikuja na mitambo yake: kisanduku kimoja cha kutoa mwanga, kingine cha kuupokea, na kompyuta ya kusema umepotea kiasi gani njiani. Alivipanga kwenye meza hatua nne kutoka kwa Hadubini, akavifunga kwa nyaya, akapuliza vidole vyake kama mtu anayetaka kupiga kinanda. Hadubini alitazama yote hayo bila kuinua kichwa. Miaka kumi na sita inamfundisha mtu kuona pembeni.

Siku hiyohiyo Bosi aliwakusanya watu akatoa masharti. Hospitali mpya ilikuwa imeagiza nyaya mia nne. Kwa siku kumi na mbili kila waya ungepita kwanza kwa Mama, yaani Hadubini, kisha kwa kompyuta. Siku ya kumi na tatu mkaguzi wa mteja angekuja na kipimo chake mwenyewe.

"Kompyuta ikiwa imesema kweli," Bosi alisema, "hadubini inakwenda stoo na Mama anahamia kufungasha. Ikiwa imedanganya, shemeji yangu anarudi kwa dada yake."

Watu wakacheka, maana walidhani ni mzaha. Hadubini hakucheka. Alijua Bosi hana mzaha, ana sauti ya mzaha tu. Kufungasha si kazi ya aibu, na waliokuwa wakiifanya walikuwa watu wa maana, lakini mfungashaji haulizwi kitu. Analetewa waya, anautia kwenye boksi, anapiga utepe. Hadubini alikuwa amezoea kuulizwa. Watu wazima wenye ndevu walisimama mbele ya meza yake na waya mkononi kama wanafunzi wenye daftari, wakingoja aseme ndiyo au hapana. Kumtoa pale ilikuwa sawa na kumwambia kwamba kuanzia kesho, mama, ndiyo na hapana si zako tena.

Jioni alimweleza mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri, ilikuwa kumtania mkewe.

"Huyo kijana ana kosa gani mpaka sasa?" aliuliza, sindano mdomoni.

Hadubini akasema hajafanya kosa, na hilo ndilo lililokuwa likimtia wasiwasi.

"Mama watoto, wewe hata mkate ukiumuka unauliza nani kaupuliza."

Siku ya kwanza na ya pili mambo yalikwenda sawa. Shemeji alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi saa mbili alichukua waya wake maalumu, uliozungushiwa utepe mwekundu, akauunganisha kati ya kisanduku cha kutoa mwanga na kile cha kupokea. Kisha akaiambia kompyuta: mwanga unaouona sasa, uite kamili, yaani sifuri ya upotevu. Baada ya hapo waya mwekundu uliachwa umechomekwa kwenye kisanduku cha kutoa, na kila waya wa kupimwa uliunganishwa kwenye ncha yake ya pili. Chochote kilichopungua kilikuwa kosa la waya mpya. Namba ikiwa chini ya nusu desibeli, kipimo cha upotevu wa mwanga, waya umefaulu. Ikizidi nusu, umeanguka. Zilizopita kwa macho ya Hadubini zilifaulu, alizozikataa zilianguka, na alipoona hivyo moyo ukamwuma zaidi. Mwizi anayebisha hodi ni wa kuogopwa kuliko anayeruka ukuta.

Aliyempalilia shaka hizo alikuwa Gundi. Gundi alikuwa fundi wa kubandika vichwa kwenye nyaya na kuvikausha kwenye tanuri dogo lililokuwa kwenye kona ya chumba hichohicho. Alipewa jina hilo kwa kazi yake, na akalistahili kwa tabia yake, kwa sababu akikushika kwa maneno hubanduki.

"Dada, umeona anavyogeuza kioo cha kompyuta ukipita?" alimnong'oneza siku ya tatu.

Hadubini alikuwa ameona.

"Na ile droo anayofunga kwa ufunguo? Mtu wa kompyuta, ana nini cha kufunga kwenye droo? Faili zake si ziko hewani?"

Hadubini alikuwa ameiona droo pia. Na simu alikuwa amezisikia, zile Shemeji alizokwenda kuzipokea nyuma ya mapipa ya maji, akisema kwa sauti ya chini "ndiyo, ndiyo, nimefanya hivyo, ndiyo", sauti ya mtu anayepokea maagizo.

Siku hiyo ya tatu, saa saba mchana, watu wote walitoka kwenda kula uani, maana chakula hakiruhusiwi kuingia chumba cha kazi. Hadubini akajifanya anatafuta miwani. Chumba kilipobaki kitupu alikwenda kwenye meza ya yule. Droo ilikuwa imefungwa. Kompyuta ilikuwa na neno la siri. Kitu pekee kilichokuwa wazi ni waya mwekundu, umeunganishwa kati ya visanduku viwili, kama Shemeji alivyouacha kila alipokwenda kula. Akajiuliza: kama mtu anataka kudanganya, atadanganyia wapi? Kwenye kitu kile ambacho vitu vyote vinalinganishwa nacho. Akauchomoa, akauleta chini ya hadubini yake.

Juu ya uso wa kichwa palikuwa na madoa matatu ya vumbi, moja karibu kabisa na katikati.

Hapo ndipo mkono ulipomtangulia mwenyewe. Mwambie mama aliyelea watoto sita amwone mtoto wa jirani ana kamasi, aendelee na safari. Hadubini alichovya kitambaa kwenye spiriti, akafuta, akatazama tena, pakawa safi kama meno ya daktari. Akaurudisha waya mwekundu mahali pake, akaenda kula, akiwa na furaha ndogo ya mtu aliyemkuta adui yake na kola chafu.

Mchana huohuo maajabu yakaanza. Waya aliokuwa ameukataa yeye, wenye mkwaruzo wa wazi, ukafaulu kwenye kompyuta. Mwingine ukafaulu. Saa tisa alipita nyuma ya Shemeji kwenda kuchukua vitambaa, akawahi kuona kioo kabla hakijageuzwa. Namba ilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Upotevu ulikuwa chini ya sifuri. Mwanga uliotoka ulikuwa mwingi kuliko ulioingia.

Alisimama pale na vitambaa vyake kama mtu aliyeona kuku akinyonyesha. Unamimina kikombe kimoja cha maji kwenye bomba, upande wa pili kinatoka kikombe na robo? Shemeji akageuza kioo haraka, masikio yake yakawa mekundu, akauliza kama Mama anahitaji kitu. Mama hakuhitaji kitu. Mama alikuwa amepata.

Kuanzia siku hiyo alifungua daftari. Ukurasa wa kushoto aliandika asubuhi, wa kulia mchana. Asubuhi yeye na kompyuta walikubaliana kama pacha. Baada ya chakula kompyuta ilikuwa na huruma ya bibi kwa mjukuu, inapitisha zote. Kila siku saa saba alibaki nyuma kuuchunguza waya mwekundu, kila siku aliukuta mchafu, kila siku aliufuta, na kila siku alijiambia kwamba mtu asiyejua hata kusafisha kipimo chake ni mtu wa kuangaliwa mara mbili. Nyaya walizohitilafiana ziliwekwa kwenye rafu ya pembeni, ambayo Gundi aliibatiza rafu ya talaka.

Nyumbani alimsomea mumewe daftari lote. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akasimulia futi yake ya zamani ya kitambaa, ambayo siku moja ilivutika bila yeye kujua. Mwezi mzima kila mteja alionekana amekonda, na yeye, aliyekata kitambaa kwa rula ya mbao, akashona suruali ambazo hazikupanda mapajani.

"Sikuwa mwizi," alisema. "Labda na huyo futi yake imevutika."

"Futi haivutiki kila siku saa saba, baba watoto, ikajirudi asubuhi."

Mume akarudi kwenye cherehani. Hadubini alilichukua hilo kama hukumu.

Siku ya kumi, saa kumi jioni, Bosi alipoingia kuuliza kazi imefika wapi, Hadubini alisimama na daftari lake. Hakupaza sauti. Alisoma siku moja baada ya nyingine: nyaya ngapi zilikubaliwa asubuhi, ngapi zilipitishwa kimiujiza mchana, ngapi aliwahi kuziona kiooni zikitoa mwanga mwingi kuliko zilioupokea. Wasuguaji waliacha kusugua. Gundi aliacha kuzungumza, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu tanuri linunuliwe.

"Kuna mtu anachezea kipimo wakati wa chakula," Hadubini alimaliza, "ili nyaya mbovu zionekane nzima na mashine ionekane ina akili. Mimi simtaji. Lakini mashine ina mwenyewe."

Bosi akamgeukia shemeji yake. Uso wake haukuwa wa undugu.

Shemeji alitoa ufunguo mfukoni, akafungua ile droo, na watu wote wakanyoosha shingo. Ndani mlikuwa na mfuko wa kofia ndogo za plastiki za kufunika vichwa vya nyaya, na daftari. Naye alikuwa na daftari.

"Kuna mtu anachezea kipimo," alisema, "hilo ni kweli. Kisanduku cha kupokea kinaandika kila mwanga ukikatika. Siku ya tatu ulikatika saa saba na dakika kumi na mbili. Siku ya nne, saa saba na kumi. Siku ya tano, saa saba na kumi na moja. Kila siku mpaka leo. Unazimika kama dakika nne, ukirudi unakuwa na nguvu zaidi. Mimi saa hizo nipo uani, mbele ya watu wote, nakula. Nilifikiri kuna mtu anataka niharibikiwe."

Akasema alikuwa akiwapigia simu waliouza mitambo, nao wakimwambia apime tena, na alikuwa akificha kioo kwa sababu alimwahidi dada yake kwamba kazi hii anaiweza.

Kila mtu akaanza kuhesabu miguu ya mwenzake. Hadubini alihisi damu ikishuka kutoka usoni, ikapita shingo yenye kona, ikaenda kujificha kwenye viatu. Saa saba na dakika kumi na mbili. Aliijua saa ile kwa jina.

"Nani anabaki humu saa saba?" Bosi aliuliza.

Kisha mtu wa nyuma akasema, bila nia mbaya, kwamba Gundi hurudi mapema kuangalia tanuri lake. Macho yote yakahama. Na Gundi, ambaye mwaka uliopita aliwahi kubadilisha viatu vya wafanyakazi wote mlangoni kwa mzaha, hakuwa na heshima ya akiba ya kumlinda.

"Bosi, mimi naangalia gundi tu," alisema Gundi, na sauti ikamtoka nyembamba. "Naingia, natazama kipimajoto, natoka."

"Siku zote nane?"

"Siku zote, ndiyo, lakini..."

Hadubini aliona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Angenyamaza tu. Gundi angefukuzwa au angekaripiwa, mashine ingebaki na doa la kudanganya, yule angerudi kwa dada yake, na meza ya hadubini ingebaki pale ilipo, na ndiyo na hapana zake. Hakuhitaji kusema uongo wowote. Alihitaji tu kutazama chini, kazi aliyoifanya miaka kumi na sita.

"Ni mimi," alisema.

Bosi hakuelewa. Akadhani anamtetea Gundi.

"Ni mimi ninayeuchomoa. Nilikuwa namchunguza. Naupeleka kwenye hadubini, nautazama, naurudisha."

Shemeji alimkazia macho. "Unautazama tu, Mama?"

"Unakuwa mchafu."

"Halafu?"

"Halafu naufuta. Ningefanyaje?"

Shemeji alikaa chini. Alishika kichwa, kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake, kisha akaeleza polepole ili kila mtu asikie. Asubuhi anaiambia kompyuta kwamba mwanga huu ndio kamili. Lakini waya mwekundu wakati huo una vumbi, kwa hiyo anachokiita kamili kimeshapungua. Ni kama mtu anayepima kikombe chenye tope chini. Mchana Mama anatoa tope. Kikombe sasa kinachukua maji zaidi, na kompyuta bado inahesabu kwa kikombe cha asubuhi. Basi kila waya, hata mbovu, unaonekana umeleta ziada.

"Hakuna aliyedanganya," alisema. "Wewe uliusafisha, mimi sikujua umesafishwa. Waya huu ukishawekwa sifuri hauguswi. Hata kuuchomoa na kuurudisha bila kuufuta ni kosa."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Hapo Hadubini angeweza kukaa na aibu yake, lakini shaka ilikuwa imeshamwingia kwenye mifupa na haikutaka kutoka bila mzigo. Aliuliza vumbi lenyewe linatoka wapi, maana yeye analifuta kila mchana na kesho yake analikuta. Shemeji akasema haiwezekani, kila jioni anauvalisha kofia. Hadubini akanyoosha mkono kwenye droo, akachukua kofia moja, akaiweka chini ya hadubini yake, akamwita aje aone.

Shemeji aliinama. Ndani ya kofia ile ndogo mlikuwa na vumbi la kupandia mahindi. Kila jioni alikuwa akiufunika waya wake safi kwa uchafu, na kila asubuhi alikuwa akiuvua na kuuamini bila kuutazama, kwa sababu kutazama, alidhani, ni kazi ya zamani.

"Kwa hiyo," alisema Bosi, "mmoja anauchafua hajui, mwingine anausafisha hasemi. Mmeviziana siku nane kama paka wawili kwenye dirisha moja, na mimi nina nyaya mia moja sitini za mchana ambazo sijui zikoje. Mkaguzi anakuja siku ya kumi na tatu."

Akamkaripia shemeji yake mbele ya watu kwa kuona mwanga unanenepa na kunyamaza, akamkaripia Hadubini kwa kushika kisicho chake, akamwomba radhi Gundi kwa kichwa tu, bila maneno. Kisha akatoka, akaubamiza mlango ambao una springi, kwa hiyo haukubamizika.

Siku ya kumi na moja na ya kumi na mbili wawili hao walikaa meza moja. Haikuwa mapenzi. Hadubini alisafisha waya mwekundu na kuukagua, yule akatazama kwenye hadubini kuhakikisha. Yule akaweka sifuri, yeye akatazama kwenye kioo kuhakikisha. Walipima upya nyaya zote za mchana, moja baada ya nyingine. Za rafu ya talaka zilikuwa kumi na saba. Kumi na tano zikaanguka kama Hadubini alivyosema tangu mwanzo, mbili zikapita kwa shida. Kila moja ilipoanguka alipumua kidogo kwa pua, na Shemeji alijifanya hasikii.

Kisha zikaja zile zilizokuwa tayari ndani ya maboksi, zenye kibandiko cha kijani. Kufikia mchana wa siku ya kumi na mbili, tatu kati ya hizo zilikuwa zimeanguka. Hazikuanguka kwa kidogo, namba ilikuwa zaidi ya moja.

Hadubini alizichukua akazitazama tena. Nyuso safi, bila mkwaruzo, bila doa. Za kuwekwa kwenye picha. Akazitazama kwa mwanga mkali, akazitazama kwa mwanga hafifu. Akamtazama yule. Moyoni alisema: ndiyo hii sasa, analipiza. Akadai waya mwekundu ukaguliwe. Ulikuwa safi. Akadai sifuri iwekwe upya mbele ya macho yake. Ikawekwa. Nyaya tatu zikaanguka tena, kwa namba zilezile.

"Gundi," aliita, "njoo uvunje hiki kichwa."

Gundi akaja na koleo lake. Akapasua kichwa cha waya wa kwanza kwa uangalifu wa daktari wa meno, akautoa uzi, akaulaza kwenye karatasi nyeusi. Shemeji akapitisha ndani yake mwanga wa taa ndogo nyekundu. Pale shingoni, ndani, mahali ambapo hadubini haifiki, uzi uliwaka kama jeraha. Ulikuwa na ufa. Gundi alilitambua kosa kabla hajaulizwa: siku moja tanuri lilipanda moto haraka mno, gundi ikavimba, akadhani haina neno. Alilisema mwenyewe, kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kuyatumia.

Hadubini aliushika ule uzi uliopasuka. Uso wa kichwa kile ulikuwa umemtazama, naye akautazama, akasema ndiyo. Aliwaza ni nyaya ngapi katika miaka kumi na sita zilimtazama hivyo, na ziko wapi sasa, na zinabeba nini. Alibandua vibandiko vitatu vya kijani kwa ukucha, na gundi ya karatasi ikabaki kidoleni. Shemeji alikuwa na nafasi nzuri sana ya kusema neno. Alijishughulisha na kukunja waya.

Mkaguzi wa mteja alifika siku ya kumi na tatu saa tatu, mwanamume mfupi mwenye begi gumu na tabia ya kutopeana mkono kabla ya kunawa. Alichagua nyaya thelathini kutoka chini ya maboksi, si za juu. Akauliza nani aliyeweka sifuri. Shemeji akainua mkono. Akauliza nani aliyeikagua. Hadubini akainua wake. Akaandika, akapima kwa kipimo chake mwenyewe. Zote thelathini zilifaulu. Tofauti kati ya namba zake na zao ilikuwa ndogo mno, hata Bosi, ambaye hakuelewa namba hizo, alielewa uso wa mtu.

Mkaguzi alipoondoka, Hadubini alikwenda mwenyewe kusimama mbele ya Bosi. Kompyuta ilikuwa imesema kweli. Masharti ni masharti. Alikuwa ameshavua koti lake jeupe na kulikunja mkononi, akingoja kuambiwa aende kwenye maboksi.

Bosi aliliangalia koti, akamwambia alivae.

Hukumu yake haikuwa tamu, ilikuwa ya mtu aliyepoteza imani kwa watu wawili kwa siku moja na akaamua kuwatumia wote. Hadubini ingehamia meza ya kompyuta. Sifuri isingewekwa bila Mama kuukagua waya mwekundu, na Mama asingeugusa bila Shemeji kuwepo. Wote wawili wangeandika majina yao kila asubuhi. Atakayegusa chochote peke yake anakwenda kufungasha, awe mama, awe shemeji.

"Hata mimi ndugu yako?" Shemeji aliuliza.

"Wewe hasa," Bosi alisema.

Jioni mume alipoulizia, Hadubini alimwambia kazi ipo, na meza ipo, ila si yake peke yake. Mume akasema hata kitanda ni hivyohivyo. Akatupiwa kitambaa.

Tangu hapo ukifika karakana ile saa saba mchana utaona jambo la kuchekesha. Wasuguaji wanatoka, wafungashaji wanatoka, Gundi anatazama tanuri lake mara tatu na kutoka. Wanabaki wawili mezani. Mama anasema, tangulia Shemeji, maana siku hizi anamwita hivyo. Shemeji anasema, hapana, tangulia wewe, Mama. Mama anasema yeye ana miguu mizito. Shemeji anasema hana haraka. Mwisho wanasimama pamoja, wanakwenda mlangoni bega kwa bega, wanakwama kidogo kwa sababu mlango si mpana, kisha wanatoka na kwenda kula benchi moja, kila mmoja akimwangalia mwenzake asije akamaliza kabla yake. Watu wanasema wamekuwa kama mtu na mwanawe. Wenyewe hawajakanusha, na hawajaachiana hata dakika moja.